Majani ya Namba Nne

Habari ya msiba ilinikuta nachambua mchele, sinia mapajani, hapa nyumbani kwangu Gitega. Aliyepiga simu alikuwa binti wa Bibi Karorina wa Itaba, na kabla hajamaliza salamu nilishajua, maana watu wa Itaba hawapigi simu asubuhi vile kwa jambo la heri. Bibi amepumzika. Alikuwa kitandani tangu mvua zilipoanza, nami niliahidi kwenda kumwona wiki hii, kisha wiki ijayo, kisha ile nyingine. Nililia, nikamaliza mchele kwa sababu watu wangu walikuwa wanasubiri kula, halafu nikampigia kaka yangu Zakaria kule Muyinga. "Pole," akasema. Nikamwuliza kama atakuja kuzika. "Mimi na yule mama tulikuwa na nini cha kuzikana? Lakini nitakusindikiza. Wewe ukiwa peke yako njiani unaogopa hata mbuzi." Hilo sikubishi. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani, na kama kuna mwaka ulioukomaza wasiwasi wangu, basi ni ule mwaka wa mipichi, ambao mimi, Zakaria na Bibi Karorina tuliingia bila kujuana vizuri na tukatoka kila mmoja akiwa na deni la moyoni kwa mwenzake.

Sitaeleza hapa jinsi tulivyokwenda Tanzania kama wakimbizi wala tulivyorudi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, Kirundi changu kikiwa cha kuchechemea, na wizara zilikuwa bado Bujumbura, Gitega pakiwa mahali ambapo mtu unavuka mji kwa miguu na kusalimiwa njia nzima. Mradi mmoja wa matunda uliniajiri kupima miti. Watu wa milimani walikuwa wanapenda mapichi, ila miti yao ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu ya majani: madoa ya njano juu, unga wa kahawia chini, kisha jani linadondoka kabla ya wakati wake na mti unabaki vijiti. Mradi ulileta aina kadhaa mpya, ukazipa namba badala ya majina ili mtu asije akapendelea jina zuri, ukazipanda sehemu mbili. Shamba moja lilikuwa kwa Bibi Karorina, Itaba, humu humu mkoani Gitega. La pili lilikuwa Muyinga, na komini, yaani serikali ya huko, ilipotafuta mtu wa kujitolea ardhi, aliyejitolea alikuwa Zakaria. Mimi nilikuwa wa kuzunguka mashamba yote mawili kila mwezi, nageuza majani, natoa alama. Sufuri ni mti safi. Tano ni mti uliokwisha. Na sheria ilikuwa moja tu, niliirudia kwa kila mtu mpaka nikachoka na sauti yangu: usipige dawa, usiokote majani, usiguse, acha mti upambane wenyewe tuone nguvu yake. Aina itakayoshinda ndiyo ambayo wakulima wa pande zote mbili wangegawiwa, na Zakaria alishasema kwamba yeye ataipanda shamba zima. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa nikigeuza jani nageuza na maisha ya kaka yangu. Nikikosea kuhesabu madoa, yeye ndiye angekosea kupanda.

Nilipanga chumba kwa Mama Shabani, katika ule mtaa wa Waislamu ambako mumewe alikuwa fundi cherehani. Chumba changu kilikuwa nyuma ya kibaraza chake, na asubuhi niliamka na ile ngurumo ya cherehani, jioni nikarudi nayo. Mama Shabani alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na aliniita Mtanzania hata mbele ya wageni. Jioni tulikula sote kwenye mkeka: bugali, maharage, ndagala wa kukaanga, lengalenga, ule mchicha wa huku, iliyopikwa na mawese. Mimi nilikuwa nakula huku nafikiri, na kumbe nilikuwa na tabia ya kuligeuza jani la lengalenga kwa kidole kabla ya kulitia mdomoni, kuangalia chini yake kukoje.

"We Leonia," alisema siku moja, "majani ya hapa iko ya kukula, si ya kuchunguza."

"Uache mutoto," mumewe akasema. "Kazi ya projet iko na presha."

"Mi sikatai presha. Nakataa anipimie mboga yangu kama iko mgonjwa. Siku moja atanipa alama, nitamufukuza."

Nilicheka, nikala haraka kuwaridhisha. Lakini siku nyingine nilipokuwa nafua uani, niliwasikia wakiongea kibarazani, wakidhani maji ya beseni yananiziba masikio. Mama Shabani alisema, bila mzaha safari hii, kwamba mutoto huyu anakonda, na kwamba kama ile kazi itamwangusha, yeye hataki kodi yake ya mwezi huo, aende tu kwa kaka yake apumzike. Niliendelea kufikicha shati lilelile. Niliona aibu, na nilifarijika pia, na sikujua lipi limezidi.

Kilichonikondesha ni Namba Nne. Itaba, Namba Nne ilikuwa malkia. Bibi Karorina aliipanda, au tuseme mradi ulimpandia, katika mstari ulioanzia mlangoni pa boma lake na kufuata njia ya kuingilia hadi kwenye ua, ili mtu yeyote aliyekuja akutane nayo kwanza. Namba nyingine zilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Kila tulipofika, Namba Nne ilikuwa safi. Nilipanda kwenye kigoda, nikageuza jani baada ya jani, na sikupata kitu. Sufuri. Mwezi uliofuata, sufuri. Huko nyuma wenzake walikuwa wanapata tatu, nne, na Namba Saba mbili. Kisha napanda gari hadi Muyinga, nafika kwa Zakaria, na Namba Nne ileile, kutoka kitalu kilekile, imekaa na unga wa kahawia hadi kwenye vikonyo. Nne. Wakati mwingine tano. Zakaria alisimama nyuma yangu mikono kiunoni. "Niambie nifanye nini," alikuwa akisema. "Majirani wananicheka. Wanasema aliyekulia kambini anajua kupanga foleni, hajui kulima." Nami nilimjibu lile nililolipwa kulijibu, kwamba asiguse. Hakugusa. Zakaria ni mtu wa kufuata anachoambiwa hadi mwisho wake, hata kama mwisho wake ni ukuta.

Mtu mwenye moyo mtulivu angesema mashamba ni mawili, hewa ni mbili, basi. Mimi nilijishuku mwenyewe. Niliogopa kumpendelea kaka yangu, kwa hiyo nilikuwa mkali kwake. Halafu niliogopa kwamba kwa kuogopa kumpendelea namwonea. Nilirudia kupima. Nilipima jua likiwa juu, nikapima jua likiwa limelala. Nilipofika nyumbani nilikuwa nafumba macho naona madoa.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kukodi huko Mushasha, karibu na kanisa, na kati ya chumba changu na cha mkuu wangu kulikuwa na ubao tu. Mkuu wangu, bwana shamba wa kusomea, tulimwita Agronomu Deo. Alikuwa mtu mzuri, nasema hivi kwa moyo wote. Hakuwahi kutupandishia sauti, na alikuwa na adabu za kizamani: siku moja kabla ya kwenda shambani lazima ampigie simu mkuu wa kilima, yule kiongozi wa kijiji, ili mwenye shamba ajue wageni wanakuja na asikutwe na jembe begani. Kuhusu Namba Nne alikuwa na maelezo yake. Itaba miti ile ilikuwa na majani machache kuliko wenzake, yamepangana kwa nafasi, na yeye alisimama chini yake akaangalia mbingu kati ya matawi. "Donc, tunaona clairement," alisema. "Iko mwepesi wa majani, hewa inapita, ugonjwa haupati kiti. Hiyo ndio tabia yake." Nikaiandika tabia hiyo.

Siku moja nilikuwa kwenye meza yangu, nikamsikia akiongea kwenye simu na mkubwa wake wa Bujumbura. Kengele za kanisa zilikuwa zimetoka kulia, na baada ya kengele pale Mushasha panakuwa kimya sana. "Oui, chef. Namba Nne, kabisa. Gitega iko sawa." Akasikiliza. Halafu akateremsha sauti, kwa kuwa alijua niko pale na alijua Zakaria ni nani kwangu. "Hapana, Muyinga si mti. Ni ule bwana. Ni wale waliotoka Tanzania, hajazoea udongo, hafuatilii." Nilishika kalamu yangu nikaitazama. Nilitaka kuingia nimwambie kwamba hakuna mtu anayefuatilia kama yule, kwamba anaamka anaitazama miti yake inakufa na anarudisha mkono mfukoni kwa sababu mimi nilimwambia. Sikuingia. Deo alipotoka aliniuliza kwa upole kama nimekunywa chai.

Mvua za masika zilipokuwa kubwa, mradi uliwaleta wakulima wa Muyinga Itaba waje waone kwa macho yao. Bibi Karorina alikuwa amejifunga nguo zake za kanisani, ua umefagiliwa hadi unaona mistari ya ufagio, na ndani kulikuwa na maharage ya kuchemsha kwenye sinia na pombe ya ndizi kwenye madumu. Aliwashika watu mikono miwili miwili. Kwangu alisema, kwa Kirundi chake cha taratibu ambacho alikipunguza mwendo kwa ajili yangu, akiniita mwanawe, "Mwananje, umekonda tena. Keti kwanza, miti haikimbii." Wakulima walipita kando ya Namba Nne wakipiga miluzi ya mshangao. Deo alieleza habari ya hewa na majani machache. Mtu mmoja akauliza kama kweli hakuna dawa iliyopigwa, na Bibi Karorina akajibu kwamba dawa haijawahi kuingia bomani kwake, ambayo ilikuwa kweli tupu. Watu wakampigia makofi. Zakaria alikuwa katikati yao. Nilimwona ameshika jani la Namba Nne kati ya vidole viwili, amelifunua, amelitazama chini yake, halafu akaniangalia mimi. Hakupiga makofi. Kwenye sinia alichukua maharage kidogo, akala akiwa amesimama.

Wakati wa kupanda gari aliniita pembeni. "Kumbe tatizo ni mimi," akasema.

"Bado tunapima, kaka."

"Mnapima nini tena? Nimeona. Kwangu mti uleule umekufa, kwa mama mzee umestawi. Nitapanda Namba Nne, na safari hii nitajifunza kulima kama watu. Nakata migomba."

Nilimwambia asubiri. Akasema udongo ukikauka visiki havitang'oka, kwamba mashimo lazima yawe tayari kabla ya mvua za Septemba, na yote hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe niliyomfundisha. Migomba ile ndiyo kitu cha kwanza alichopanda tuliporudi. Ndiyo iliyomlisha mkewe na watoto, na ndiyo iliyomwezesha kupeleka dumu la pombe kwa jirani akiwa na arusi, akaonekana mtu. Gari liliondoka, nikabaki pale njiani.

Baada ya hapo sikuwa na raha. Mama Shabani aliniwekea chapati, nikaziacha. Nilikuwa najiambia kwamba nimekosea mahali fulani na sijui ni wapi, na kila siku niliyochelewa kujua, huko Muyinga panga linafanya kazi. Mwishowe niliamua kwenda Itaba siku isiyo yangu, nikaikague Namba Nne peke yangu, bila Deo na maelezo yake. Nilipiga simu ya mkuu wa kilima, haikupatikana. Nikapiga tena. Kwa kawaida ningeahirisha, maana kumtokea mtu nyumbani bila salamu za mbele lilikuwa jambo la watoto wasiolelewa. Lakini hofu ilizidi adabu. Nilichukua pikipiki, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi.

Nilimkuta Bibi Karorina mlangoni pa boma, juu ya kigoda kilekile ninachotumia mimi, kikapu kimening'inia mkononi. Alikuwa anachuma majani ya Namba Nne. Hakuchuma ovyo, aliligeuza kila jani kama nilivyokuwa naligeuza mimi, akiona doa analikata kwa kucha, anatia kikapuni, anakwenda kwenye lingine. Kikapu kilikuwa kimejaa nusu. Miti aliyokuwa hajaifikia ilikuwa na kutu kama ya Muyinga. Dereva wa pikipiki aliondoka, Bibi akageuka akaniona, na uso wake ulipatwa na haya kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Hukutuma salamu," akasema.

Nikamwuliza anafanya nini. Akashuka kwenye kigoda, akakificha kikapu nyuma ya sketi yake. Akasema ndio kwanza ameanza, kwamba wageni wake wa kanisani ni wa kesho, na kama angejua nakuja leo angemaliza tangu asubuhi. Nikamwuliza ni mara ngapi. Kila mara, akasema. Kila mkuu wa kilima akimwambia kesho kuna wageni, yeye na binti yake wanafagia ua, wanachota maji, wanachuma majani yaliyochafuka pale mlangoni, wanayachoma jikoni. Ya huko nyuma ya nyumba hawayagusi kwa sababu sheria ni sheria.

"Na hii ya mlangoni, Bibi? Si nilisema usiguse?"

"Ulisema nisiuguse mti, mwananje, na sikuutia dawa, sikuukata tawi." Alinitazama kama anayetafuta namna ya kumfunza mtoto jambo ambalo mtoto yeyote hulijua. "Lakini utampitisha mgeni kwenye uchafu? Watu wametoka mjini, wametoka Muyinga, waingie kwangu waanze kuona ugonjwa?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia sana, kisha nikaona jinsi alivyoshika kile kikapu na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Hakuwa ametudanganya. Alitupokea tu, na kila tulipompigia simu kwa heshima, alitupokea vizuri zaidi. Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni nikampigia Zakaria. Simu iliita hadi mwisho. Nikapiga tena, ikaita. Bibi Karorina aliniletea maji, nikayanywa, na bado simu ilikuwa inaita.

Nilifika Muyinga kesho yake. Kabla sijaiona nyumba niliisikia harufu, ile harufu ya maji ya mgomba mbichi, na nikajua. Sehemu yote ya chini ilikuwa imelala. Mashina yamekatwakatwa, majani yamerundikwa, mikungu ambayo haijakomaa imewekwa kivulini kwa ajili ya kuchemsha. Zakaria alikuwa amekaa juu ya shina moja, shati lake limejaa madoa meusi ya utomvu ambayo hayatoki hata ufue vipi. Simu yake ilikuwa ndani, kwenye koti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilisema haraka, nikarudia, nikalia katikati. Yeye alisikiliza akiliondoa tope kwenye panga kwa kipande cha jani.

"Kwa hiyo alifagia," akasema.

"Alifagia."

"Mimi nilifuata sheria yenu nikachekwa na kilima kizima. Yeye hakuifuata, akapigiwa makofi." Hakupandisha sauti. "Nenda ndani, wifi yako ana chai."

Ndani, mkewe alinimiminia chai bila kuniuliza kitu, na watoto walikuwa wanakula ndizi changa za kuchemsha na chumvi. Walikula ndizi zile kwa muda, kisha zikaisha, na miaka miwili iliyofuata katika nyumba ile ndizi zilinunuliwa sokoni. Hilo sijalisahau, na wala sitaki kulisahau.

Nilimwambia Deo asubuhi iliyofuata. Nilitegemea atanifukuza, nilishakunja hadi nguo zangu kwa Mama Shabani. Alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mama yangu pia angefanya vile," akasema. "Na ni mi ndio nilikuwa napiga simu. Mi ndio nilimwambia afagie, kila mwezi." Akapiga simu Bujumbura mbele yangu, mlango wazi, akasema kwamba Gitega imekosea na Muyinga ndiyo iko sawa, na kwamba yule bwana wa Muyinga amefuatilia kuliko wote. Namba Nne ikasimamishwa hadi ipimwe upya mvua zikirudi.

Swali likawa tutaipimaje Itaba. Deo alipendekeza tuwe tunafika ghafla, lakini nilijua hilo lingemwumiza Bibi zaidi ya lile la kwanza. Nikamwomba aniruhusu nikakae kwake. Mvua za Septemba zilipoanza nilikwenda na godoro langu, nikamwambia Bibi kwamba mimi si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hafagiliwi njia. Alinipa ungo wa maharage nichambue. Ndivyo alivyokubali. Nilichota maji, nilipika, nilikosea Kirundi wakanicheka, na kila asubuhi tulipita mimi na yeye kando ya Namba Nne bila kuigusa. Madoa yalikuja Oktoba. Yakawa unga, majani yakaanza kudondoka njiani, na Bibi alipita akiangalia upande wa pili. Jirani akija aliwahi kumlaki mbali, amwambie kabla hajaona: "Samahani, wameniambia niuache hivyo." Novemba ilipokwisha Namba Nne ilikuwa vijiti. Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ambako hakuna mgeni aliyepita, Namba Saba ilikuwa na madoa yake machache na majani yake mengi, kama ilivyokuwa tangu mwanzo.

Zakaria alipanda Namba Saba. Imemtendea wema, na leo ukifika Muyinga ukaulizia mapichi utaonyeshwa kwake. Lakini Zakaria hakuwahi kumtaja Bibi Karorina kwa jina; alimwita yule wa kufagia. Mradi ulipong'oa Namba Nne, Bibi aliomba abakishiwe mti mmoja, ule wa mlangoni kabisa, na Deo akakubali. Aliuchuma majani kwa mkono wake miaka yote hiyo, na mti ukazaa. Kila msimu aliniletea vikapu viwili Gitega, kimoja changu, kimoja "cha kaka yako," nami nilikituma Muyinga. Watoto walikula. Zakaria, aliniambia mkewe, hakugusa hata moja.

Siku ya kuzika tulifika Itaba mapema, umande haujakauka. Turubai lilikuwa linafungwa, wanawake walikuwa jikoni, na binti wa Bibi alinikumbatia. Nilipoinua macho niliuona mti. Hakuna aliyeugusa tangu Bibi alipolala kitandani. Kutu ilikuwa imeujaa, unga hadi kwenye vikonyo, nusu ya majani yako chini, na jicho langu likatoa alama bila kuulizwa. Tano. Wageni wangeanza kuingia wakati wowote, kilima kizima na watu wa mjini, wote kwa njia ile, kando ya mti ule.

Niliingia jikoni nikaomba kikapu. Nilipanda kwenye kigoda, nikaligeuza jani la kwanza, nikalikata kwa ukucha. Mimi niliyesema usiguse hadi nikachoka na sauti yangu. Nilichuma huku nalia, na sikugeuka nyuma kuangalia Zakaria amekwenda wapi. Baadaye tawi la upande wa pili likatikisika. Alikuwa amevua koti lake la msibani, amelitundika kwenye ua, na alikuwa anachuma pole pole, akiligeuza kila jani. Mti ulibaki na majani machache sana, yote masafi, na hewa ikipita kati yake. Wageni wa kwanza walipokata kona ya njia nilianza kushuka kwenye kigoda, naye akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Kuna moja limebaki."